Je, Wajua? Hajapigwa, lakini kapigana na nani?

"Ushindi 30, vipigo 0!" MC akitamka hivyo, ukumbi mzima husimama kushangilia. Shabiki mkongwe wa masumbwi hana haraka ya kusimama. Anataka kwanza kujua hao 30 ni akina nani, walikuwa na umri gani siku hiyo, na pambano lilichezwa nyumbani kwa nani.

Je, wajua kwamba Rocky Marciano ndiye bingwa pekee wa dunia wa uzito wa juu aliyemaliza ngumi bila kipigo wala sare? Mapambano 49, yote kashinda, 43 kwa KO. Sasa soma majina. Joe Louis, aliyechapwa Oktoba 1951, alikuwa na miaka 37. Alishastaafu, akarudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Jersey Joe Walcott, aliyepokonywa mkanda Septemba 1952, alikuwa na 38. Archie Moore wa 1955 alikuwa na 38 kwa hesabu moja na 41 kwa hesabu nyingine, maana mwaka wake wa kuzaliwa una utata. Wazee, ndiyo. Lakini ndio waliokuwapo, na hawakuwa vibonde: Walcott alimwangusha Marciano raundi ya 1 na alikuwa akiongoza kwa majaji wote 3 hadi konde la raundi ya 13 lilipomzima. Kumlaumu bondia kwa kizazi alichozaliwa nacho ni uonevu.

Je, wajua kwamba pambano la 50 la Floyd Mayweather, lile lililompitisha Marciano, lilikuwa dhidi ya mtu ambaye hajawahi kucheza hata pambano moja la ngumi za kulipwa? Conor McGregor, Agosti 2017, alitoka kwenye mapigano ya mchanganyiko (MMA). Akasimamishwa raundi ya 10. Ushindi huo umeandikwa sawasawa na mwingine wowote.

Haki isemwe, orodha ya Mayweather ina majina mazito: De La Hoya, Mosley, Cotto, Márquez, Hatton aliyekuwa hajapigwa. Tatizo lake lilikuwa saa. Mazungumzo ya kukutana na Manny Pacquiao yalianza 2009. Pambano likachezwa Mei 2015. Katikati hapo, Desemba 2012, Pacquiao alilazwa kifudifudi na Márquez raundi ya 6. Canelo Álvarez naye alipatikana 2013 akiwa na miaka 23, tena kwa uzito uliopunguzwa kwa makubaliano. Mayweather hakuwakimbia. Aliwangoja waive, au aliwachuma wabichi.

Je, wajua kwamba mabingwa wawili ambao hawakuwahi kupigwa walikaa na mikanda ya uzito mmoja kwa miaka zaidi ya 5 bila kukutana? Sven Ottke wa Ujerumani alishika mkanda wa IBF tangu 1998 hadi alipostaafu 2004. Joe Calzaghe wa Wales alikuwa na ule wa WBO tangu 1997. Ottke alimaliza na 34-0, KO 6 tu, karibu mapambano yote nyumbani Ujerumani. Calzaghe alimaliza na 46-0. Kwa kuwa kuna mashirika manne makubwa, kila mmoja aliweza kuitwa bingwa wa dunia bila kumgusa mwenzake. Calzaghe angalau alijitakasa baadaye: 2006 alimchambua Jeff Lacy, na 2007 pale Cardiff akamshinda Mikkel Kessler, wote wawili wakiwa hawajawahi kupoteza.

Je, wajua kwamba kulikuwa na bondia mwingine wa uzito wa juu aliyefika 49-0? Ni Brian Nielsen wa Denmark. Jina kubwa katika safari hiyo lilikuwa Larry Holmes, na Holmes siku hiyo, Januari 1997, alikuwa na miaka 47. Hata hivyo majaji waligawanyika. Akitafuta la 50, mwaka 1999, Nielsen alisimamishwa na Mmarekani Dicky Ryan, jina ambalo hata mashabiki wengi wa ngumi hawalijui.

Na je, wajua hizo sifuri hupikwa na nani? Waulize watu kama Peter Buckley wa Birmingham. Mapambano 300: ushindi 32, sare 12, vipigo 256. Alikuwa akipigiwa simu mpinzani anapojitoa, anachukua mfuko wake na kwenda. Alicheza na Naseem Hamed kabla dunia haijamjua Hamed. Promota anayemlea kijana hataki mtu wa kumvunja. Anataka mtu anayejua kujikinga, atakayempa raundi kadhaa za shule kisha arudi kwake salama. Ni kazi halali, na ina ufundi wake. Ila ukiona kijana ana 15-0, hesabu ni akina Buckley wangapi wamo humo.

Je, wajua kwamba Uganda ilitoa mabondia wawili wakali waliopoteza sifuri zao mbele ya watu wenye doa? Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa 1974 pale Havana, alihamia Denmark, akatwaa mkanda wa WBA nchini Japani 1979 na hakuwa amepigwa hadi Juni 1981, alipokutana na Sugar Ray Leonard huko Houston. Raundi ya 9 kazi ikaisha. Leonard alikuwa ameshapigwa mara moja, na Roberto Durán.

John Mugabi, "Mnyama", alikuwa na rekodi ya kutisha zaidi: kila aliyesimama naye hakufika mwisho. Machi 1986, Las Vegas, akapanda uzito kumvaa Marvin Hagler. Hagler alikuwa na vipigo 2, vyote vya 1976, alipokwenda Philadelphia kupigana na vijana wa Philadelphia mbele ya watu wao. Baadaye akawarudia wote wawili akawashinda. Mugabi alipigana kiume hadi raundi ya 11, ndipo akaenda chini. Mkanda wa dunia aliupata 1989, akiwa na vipigo 2 kama Hagler.

Je, wajua kwamba usiku wa Kinshasa, Oktoba 1974, alipokutana na Muhammad Ali, George Foreman alikuwa 40-0? Sifuri yake haikuwa ya dukani. Joe Frazier na Ken Norton, wale wawili waliokuwa wamempiga Ali, Foreman alimmaliza kila mmoja ndani ya raundi 2. Mbele ya Ali akalala raundi ya 8.

Je, wajua ni nani anastahili kuonyeshwa kwa anayedai sifuri haijalishi kabisa? Oleksandr Usyk. Alimpiga Głowacki huko Poland, Briedis akampigia Riga, Gassiev Moscow, Bellew Manchester, Joshua London. Wote nyumbani kwao, na watatu wa kwanza hawakuwa wamepigwa. Mei 2024 akamwongeza Tyson Fury, naye bila kipigo, akawa wa kwanza kuunganisha mikanda yote ya uzito wa juu tangu Lennox Lewis wa 1999.

La mwisho linamhusu Mtanzania. Oktoba 2009, Madison Square Garden, Rogers Mtagwa aliletwa kama mpinzani wa kumpendezesha Juan Manuel López wa Puerto Rico, bingwa wa WBO mwenye 26-0. Mtagwa alikuwa na vipigo zaidi ya 10. Raundi ya 12 López alikuwa anayumba, miguu haimtii, anakumbatia ili kengele imwokoe. Majaji wakampa López, na kwenye kitabu ikasomeka 27-0.

Miezi 3 baadaye Mtagwa akapelekwa kwa Yuriorkis Gamboa, mwingine asiyepigwa, akasimamishwa raundi ya 2. Sifuri ya López iliendelea hadi Aprili 2011, ilipovunjwa nyumbani kwake na Orlando Salido wa Mexico, bondia mwenye vipigo zaidi ya 10. Salido huyohuyo, akiwa na vipigo 12, alimshinda 2014 Vasyl Lomachenko, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, katika pambano lake la pili tu la kulipwa.