Kura ya Mchujo na Daftari la Chama

Kuna jambo ambalo wengi wetu hulisikia redioni likatupita tu. Nalo ni kujiandikisha chamani ili upige kura ya mchujo.

Mchujo ni nini? Kabla ya uchaguzi mkuu, kila chama huteua mtu wa kupeperusha bendera yake. Swali ni, nani amteue? Hebu fikiria sisi wa Chama cha Kiswahili tukichagua msemaji wa mdahalo. Je, wanafunzi wa shule tunayoshindana nayo waje kupiga kura? Si watatuchagulia yule anayetetemeka jukwaani! Ndiyo sababu ya daftari la wanachama.

Kila mahali wana utaratibu wao. Kule Marekani, katika jimbo la New York, asiyejiandikisha na chama hashiriki mchujo wake. Jimbo la Wisconsin halina daftari la vyama. Mtu huamua siku ya kura. Hapa kwetu, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 yasema mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama walioandikishwa.

Babu yangu anakumbuka mlolongo wa mwaka 1988. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na bila kadi yake hukupanga foleni. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Sasa Katiba ya 2010, kifungu cha 36, yasema hakuna mtu atakayelazimishwa kujiunga na chama chochote.

Lakini mambo si rahisi hivyo. Mwezi Juni 2021, nikiwa darasa la sita, Wakenya wengi walitazama majina yao kwenye mtandao wa serikali. Mama naye akatazama. Loo! Alikuwa mwanachama wa chama ambacho hajawahi hata kuhudhuria mkutano wake. Akaniuliza, "Ati nani alichukua nambari yangu ya kitambulisho?" Sikuwa na jibu. Ilimbidi aandike barua ya kujiuzulu kutoka chama asichojiunga nacho! Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Baadaye nilielewa kwa nini. Sheria haimruhusu mtu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo, ukiandikwa kwa siri kule, mlango wa chama unachokipenda umefungwa. Aliyeibiwa jina ameibiwa na kura ya mchujo.

Kwa maoni yangu, daftari ni jambo jema mradi mwenye jina ajiandikishe mwenyewe kwa hiari. Na tusisahau kwamba katika uchaguzi mkuu kura ni siri. Hata mwanachama yuko huru kumpigia amtakaye.

Miaka miwili ijayo nitachukua kitambulisho, Mungu akipenda. Jambo la kwanza nitakalofanya ni kutazama kama jina langu limetangulia mahali nisipokwenda. Nawe ufanye vivyo hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama.