Kariakoo kwa Miguu

Mwenye kutaka kuijua Kariakoo ya wakazi, wala si ya wachuuzi, hana budi kutembea kwa miguu, alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Na apite Sikukuu, Narung'ombe na mitaa ya jirani. Kati ya maghorofa ataziona moja moja nyumba za Kiswahili zilizosalia: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele. Baraza hilo ndilo lililompa mpita njia kivuli, habari na pa kuketi bila malipo. Maghorofa yameleta fremu za maduka. Wanaopitisha ramani za majengo wameshindwaje kudai japo baraza moja mlangoni?