Injini ya Mtumbwi na Pampu ya Hewa

Fundi mmoja kijana wa Buhongwa ameniuliza: je, injini ya kupachika nyuma ya mtumbwi yaweza kufungwa supachaja ili iongeze nguvu? Supachaja ni pampu inayozungushwa na injini yenyewe, ikaisindilia hewa ndani ya silinda. Ni ndugu yake tabo ya malori ya barabara ya Shinyanga, ila tabo huzungushwa na moshi.

Hoja yake ina msingi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama sehemu moja ya kumi, hivyo injini ya nguvu za farasi 40 hapa hutoa 36 hivi.

Hata hivyo, namshauri asiifunge. Injini nyingi za wavuvi wetu hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Ndani yake, tundu la moshi huwa wazi hewa mpya inapoingia; sehemu kubwa ya hewa ya ziada itatorokea humo. Nayo kabureta haikupangiwa hewa hiyo: petroli ikipungua, joto hupanda na pistoni hutoboka. Mvuvi wa dagaa akizimikiwa usiku, upepo ukivuma, hana kando ya barabara pa kuegesha.

Dawa nafuu ni propela inayosogeza mtumbwi hatua fupi zaidi kwa kila mzunguko. Nguvu zote hazitarudi, lakini injini itafikia mizunguko iliyopangiwa bila kulemewa, na mvuvi atarudi nyumbani.

Kwa leo naishia hapo.