Rekodi za Sarafu Isiyoshikika

Kiasi kikubwa kuliko vyote cha Bitcoin kilichowahi kutengenezwa kwa mpigo mmoja ni sarafu bilioni 184, na zote zilikuwa batili. Ilikuwa tarehe 15 Agosti 2010. Kanuni ya fedha hii inasema sarafu zake hazitazidi milioni 21, lakini mtu ambaye hadi leo hajulikani aligundua kwamba programu ilikuwa haikagui vizuri jumla ikishakuwa kubwa kupita kiasi. Akajiandikia utajiri, na kompyuta zikaupitisha. Ndani ya saa chache Satoshi Nakamoto, mwasisi ambaye naye hajulikani ni nani, akatoa programu iliyorekebishwa. Wenye kompyuta wakaipokea, na kurasa za daftari lao la pamoja zilizobeba udanganyifu ule zikaachwa.

Naanzia hapo kwa sababu rekodi hiyo inafundisha zaidi kuliko bei yoyote. Tangu siku ile hakuna aliyefaulu tena kuandika Bitcoin za uongo na zikadumu. Rekodi nyingine za hasara katika ulimwengu huu ni nyingi na zinatisha, lakini karibu zote zimevunjwa mahali pengine: ofisini mwa kampuni, kwenye skrini ya simu, mdomoni mwa muuzaji.

Chukua daftari la kikoba. Kwa kawaida linakaa kwa katibu, na katibu akiwa mwizi, kikoba kimekwisha. Kwenye Bitcoin kila anayetaka huwa na nakala yake kamili. Nakala ziko maelfu duniani kote, na ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika 10 hivi. Kompyuta hushindana kutafuta namba itakayofunga ukurasa, na inayoshinda hupewa sarafu mpya. Ndiyo maana kazi hiyo huitwa uchimbaji. Mwaka 2009 mshindi alipata sarafu 50. Malipo hayo hukatwa nusu kila miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125. Hakuna gavana wa benki kuu anayeweza kuamua vinginevyo. Wanaoipenda wanaipendea hapo, na wanaoiogopa wanaiogopea hapo hapo.

Mlo ghali kuliko yote uliowahi kulipwa kwa sarafu hizi ni piza mbili. Tarehe 22 Mei 2010, Laszlo Hanyecz, mtaalamu wa programu aliyeishi Florida, alitoa Bitcoin 10,000, wakati huo zikiwa na thamani ya dola 41 hivi. Desemba 2024 sarafu moja ilipovuka dola 100,000 kwa mara ya kwanza, piza zile zikawa zimefika dola bilioni moja. Wengi humcheka. Mimi namheshimu, kwa sababu fedha isiyoweza kununua chakula haijawa fedha bado, na yeye ndiye aliyeionyesha dunia kwamba inawezekana. Tatizo lilikuja baadaye, na lililetwa na mafanikio yenyewe. Kitu ambacho huenda kikapanda maradufu mwakani, nani atakitoa leo kununulia unga? Bitcoin ilianza safari ya kuwa hela ya matumizi ikaishia kuwa mali ya kuhifadhi, kama kiwanja, tofauti ikiwa kwamba kiwanja hakipotezi robo tatu ya bei kwa mwaka mmoja. Novemba 2021 ilikuwa karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilishuka chini ya 16,000. Kilele cha juu zaidi, zaidi ya dola 126,000, kilifikiwa Oktoba 2025, na siku chache tu baadaye soko likaporomoka. Kwa siku moja madau yaliyowekwa kwa fedha za mkopo, yenye thamani ya dola bilioni 19 hivi, yalifungwa kwa nguvu, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana katika soko hili.

Inakadiriwa kwamba Satoshi mwenyewe ana sarafu milioni moja hivi ambazo hazijaguswa tangu miaka ile ya mwanzo. Hazina hiyo inaonekana na watu wote, saa zote, bila kujulikana mwenyewe.

Wizi unaotajwa sana kuwa mkubwa kuliko wote ulitokea tarehe 21 Februari 2025 katika Bybit, soko la kubadilishia sarafu lenye makao yake Dubai. Sarafu za Ethereum, fedha nyingine ya aina hii, zenye thamani ya dola bilioni 1.5 hivi zilihamishwa kwa mkupuo, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likasema ni kazi ya wadukuzi wa Korea Kaskazini. Jinsi ulivyofanyika inafaa kuangaliwa kwa makini. Hakuna kufuli la kihesabu lililovunjwa. Wenye mamlaka ya kuidhinisha malipo walionyeshwa kwenye skrini muamala wa kawaida, wakatia saini, kumbe wanasaini muamala mwingine. Daftari likatii, maana ndivyo lilivyotengenezwa: haliulizi kama aliyesaini alidanganywa, na halina kitengo cha kupokea malalamiko. Mteja wa benki akiibiwa kwa kadi ana pa kwenda, na benki nyingi zinaweza kuurudisha nyuma muamala wenye utata. Huku kwa kawaida hakuna kurudisha nyuma. Kila anayefikiria kuweka akiba humu anapaswa kulijua hilo kabla ya kujua bei.

Kwa kusubirisha wateja, rekodi inashikwa na Mt. Gox, soko la sarafu la Tokyo, ambalo mwaka 2014 lilitangaza kupotelewa na sarafu 850,000 hivi, ingawa 200,000 zilionekana baadaye. Wadai wake walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024, miaka kumi baadaye. FTX, soko jingine la sarafu, la Sam Bankman-Fried, iliyokuwa imethaminiwa dola bilioni 32 mwanzoni mwa 2022, ilifilisika Novemba mwaka huo huo, na Machi 2024 mwenyewe akahukumiwa miaka 25 jela. Kosa lake lilikuwa la kizamani kabisa: alichukua amana za wateja akazitumia. Na huko Wales yuko James Howells, ambaye diski yenye Bitcoin 8,000 ilitupwa na taka mwaka 2013; Januari 2025 Mahakama Kuu ilikataa ombi lake la kuruhusiwa kulichimbua dampo la Newport.

Rekodi inayoniuma zaidi ni ya Ruja Ignatova, kwa sababu mkono wake ulifika kwetu. Mwanamke huyu mwenye asili ya Bulgaria alianzisha OneCoin mwaka 2014 na kuinadi kuwa ndiyo itakayoizika Bitcoin. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema watu duniani walitoa zaidi ya dola bilioni 4. Oktoba 2017 alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na hajaonekana hadharani tena. Yumo katika orodha ya FBI ya watu kumi wanaosakwa zaidi, na zawadi ya kumpata imepandishwa hadi dola milioni 5. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia, na mawakala waliendelea kuuza hata baada ya yeye kutoweka. OneCoin haikuwa na daftari la pamoja hata kidogo. Bei iliyopanda kila mara ilikuwa namba iliyoandikwa na kampuni yenyewe. Watu waliuziwa vifurushi vya mafunzo, wakaahidiwa kamisheni kwa kila wanayemwingiza, na aliyetaka kutoa fedha zake akaambiwa asubiri. Mtanzania anayeikumbuka DECI, mradi wa upatu wa mwaka 2009, ataitambua sura hiyo mara moja: ni upatu uliovishwa nguo mpya. Waliopigwa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesikia habari za kweli za sarafu za piza zilizogeuka utajiri, wakakataa kuchelewa mara ya pili, na tapeli alijua hamu hiyo ipo.

Unaweza kuujaribu mradi wowote kwa maswali mawili kabla ya kutoa hata shilingi: je, ninaweza kuliona daftari bila kuipitia kampuni yenyewe, na je, kipato changu kinategemea kuleta watu wengine? Jibu la kwanza likiwa hapana, au la pili likiwa ndiyo, ondoka.

Utaifishaji mkubwa zaidi uliombwa Oktoba 2025, pale Marekani ilipofungua shauri la kuchukua Bitcoin 127,271, zikiwa na thamani ya dola bilioni 15 hivi wakati huo, kutoka kwa Chen Zhi, aliyekuwa mwenyekiti wa Prince Group ya Kambodia. Madai ni kwamba fedha hizo zilitokana na kambi ambamo watu hulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni. Kambi za aina hiyo ziko pia Myanmar, na miongoni mwa waliookolewa huko wamo vijana wa Kenya na Uganda walioitwa kwa ahadi ya ajira.

Nchi ya kwanza kuifanya Bitcoin fedha halali ni El Salvador, tarehe 7 Septemba 2021. Rais Nayib Bukele alitoa pochi ya kidijitali iitwayo Chivo, na kila raia aliyejiunga alipewa dola 30. Nchi ile hupokea kutoka kwa jamaa walio Marekani fedha zinazokaribia robo ya pato la taifa, hivyo hoja ya kupunguza gharama ya kutuma ilikuwa na mashiko. Lakini wanauchumi walipowahoji wananchi walikuta wengi waliacha kuitumia Chivo baada ya kumaliza zawadi, na sehemu ndogo mno ya fedha za jamaa ilipita humo. Januari 2025, kufuatia makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, sheria ilibadilishwa na mfanyabiashara halazimiki tena kuipokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilifuata Aprili 2022, ikarudi nyuma mwaka uliofuata. Kwa kulinganisha, M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikuhitaji sheria ya kumlazimisha mtu. Wakala alikuwa pale dukani, shilingi ilibaki shilingi, na bei ya ng'ombe haikubadilika kati ya kutuma na kupokea.

Bei ya chini kuliko zote, kwa maoni yangu, ililipwa Nairobi katikati ya mwaka 2023. Watu walipanga foleni ndefu nje ya jumba la KICC ili mashine ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ipige picha ya mboni za macho yao, wakalipwa tokeni za thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Uchimbaji wa Bitcoin hula umeme mara kadhaa zaidi ya ule wote unaozalishwa Kenya. Ethereum ilibadili mfumo wake Septemba 2022 na kupunguza matumizi kwa zaidi ya asilimia 99, hivyo haiwezekani kusema sarafu zote ni sawa. Lakini mgodi wa kidijitali unaonivutia uko kando ya mto Luviro, Kivu Kaskazini. Ni wa Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza inayojulikana kuchimba Bitcoin. Mwaka 2020, utalii ukiwa umekufa kwa sababu ya Ebola, utekaji na kisha Korona, hifadhi ilikuwa na kituo kipya cha umeme wa maji ambacho nyaya zake zilikuwa hazijafika kwa wateja. Kompyuta zilifungwa ndani ya makontena hapo hapo, na mapato yakasaidia kulipa mishahara ya walinzi wa hifadhi. Kwangu hayo ni matumizi halali ya umeme ambao ungepotea. Maoni hayo hubadilika nyaya zinapofika vijijini, na ni haki yabadilike.

Sarafu iliyo na nafasi kubwa zaidi katika uchumi wetu, hata hivyo, si Bitcoin. Ni Tether, tokeni inayofungwa kwenye dola moja ya Marekani, ambayo Machi 2024 ilifikisha thamani ya dola bilioni 100. Wafanyabiashara wa Afrika wanaoagiza bidhaa nje huitumia dola zinapoadimika benki. Ndiyo inayopaswa kuwanyima usingizi magavana. Machi 2025 Tanzania ilipiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini dola iliyo ndani ya simu haionekani dukani. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee, na tangu 2024 mali za kidijitali zinakatwa kodi ya asilimia 3. Kenya, iliyoanza kwa onyo la Benki Kuu mwaka 2015, ilipata Oktoba 2025 sheria ya kuwapa leseni watoa huduma, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Naiunga mkono njia ya Kenya. Soko lenye leseni lina mlango ambao mteja aliyeibiwa anaweza kuubisha.

Afrika kusini mwa Sahara ndilo eneo ghali kuliko yote duniani kupelekewa fedha. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba kutuma dola 200 hugharimu asilimia 8 hivi, yaani dola 16. Lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kampuni za sarafu, kuanzia BitPesa iliyozaliwa Nairobi mwaka 2013, zimeahidi kuivunja rekodi hiyo, na kuvusha tokeni mpakani kwa kweli huweza kuwa senti chache. Gharama inajificha kwenye ncha mbili: kununua tokeni kule, na kuigeuza shilingi huku kwa wakala. Wadhibiti wa Kenya, kupitia kanuni za leseni, waitake kila kampuni itangaze bei ya ncha zote mbili kwa shilingi, ili mama anayepokea fedha Kisumu aweze kuilinganisha na njia aliyonayo sasa.