Mgunga Haurefushi Mtoto

Wiki iliyopita hapa Lokori, mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 18. Viganja vya kijana vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu ikaonekana. Kwa miezi 3 amekuwa akining'inia kwenye tawi la mgunga kila asubuhi na jioni, kwa kuambiwa kwamba ndivyo mtu anavyofikia urefu wa kuchezea kikapu vyuo vya Marekani. Mama hakuuliza habari za vidonda. "Daktari, aongeze muda gani?"

Swali hilo nimeulizwa Lodwar, nimeulizwa Kakuma, na nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Mfupa haurefuki kwa kuvutwa. Hurefukia kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, na gegedu hilo hutii homoni. Ujana ukikomaa, linageuka mfupa mgumu, basi. Kuning'inia hutanua kidogo tu nafasi kati ya pingili za mgongo. Utapata kama sentimita 1, nayo itakutoka kabla ya chakula cha mchana. Hata aliyelala kitandani huamka mrefu kuliko alivyolala. Vidonge vya kurefusha? Kalisiamu humfaa aliyepungukiwa nayo; gegedu lililokwisha kufunga halifunguliwi na kidonge chochote, hata kiuzwe kwa bei gani. Na tafadhali msiniambie "mbona wachezaji wote ni warefu". Ni warefu kwa sababu makocha huchagua warefu. Kikapu hakikuwarefusha, kiliwakuta hivyo.

Tena urefu wenyewe vyuo vya Marekani vimeuwekea mipaka tangu zamani. Mwaka 1944 vilikataza kuuzuia mpira unaoshuka kuelekea kikapuni, kwa sababu George Mikan wa DePaul na Bob Kurland wa Oklahoma A&M waliufagia kila ulipofika juu ya ringi. Mwaka 1967, Lew Alcindor wa UCLA alipowashinda wote, vikapiga marufuku kudanki, yaani kuupachika mpira kikapuni kwa mkono, hadi 1976. Na mrefu hashindi kila mara: mwaka 1983, katika fainali ya vyuo iliyochezwa ukumbi wa The Pit, Albuquerque, Houston ya Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos, ilifungwa 54 kwa 52 na North Carolina State.

Manute Bol ndiye mnayemtaja kila mara. Mdinka wa Sudan, sentimita 231. Kiingereza chake hakikutosha kumwingiza Cleveland State, ikabidi aende Bridgeport, chuo cha daraja la pili katika michezo, akacheza msimu mmoja wa 1984 hadi 1985. Sentimita 231, na bado Kiingereza kilimzuia! Mwaka 1987 timu yake ya kulipwa, Washington Bullets, ilimchukua Muggsy Bogues kutoka Wake Forest. Bogues ana sentimita 160. Walivaa jezi moja, wakaingia uwanjani pamoja.

Na Mkenya mwenzetu, Tylor Ongwae, alipitia chuo cha Louisiana-Monroe. Februari 2021 alifunga kikapu cha mwisho kilichoizamisha Angola 74 kwa 73, na Kenya ikarudi kwenye mashindano ya Afrika baada ya miaka 28. Mpira ule aliurusha akiwa amezongwa na mlinzi, sekunde zimekwisha. Mkono wa namna hiyo hujengwa kwa kurusha mpira, si kwa kushika tawi.

Sasa mnachoweza kufanya. Vyuo vya daraja la kwanza vinataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha Marekani, kwa hiyo hisabati na Kiingereza vianze mwanzoni mwa sekondari, si baada ya mtihani wa mwisho. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo, msidanganywe. Wakala anayedai pesa kabla ya barua ya chuo, mfukuzeni. Piga video ya mechi nzima, si ya madoido tu. Cheza michezo ya shule za sekondari, ukaonekane. Strathmore na USIU zina timu Nairobi, navyo ni vyuo. Kula mayai, maharagwe, maziwa ya ngamia, lala mapema.

Kijana nimemfunga bendeji. Mpira ataushika tena vidonda vikishakauka, na nimemwambia aje na matokeo yake ya hisabati.