Gesi Haiishi, Huvuja

Mtaani Umoja, Nairobi, kati ya Barabara ya Outering na ile ya Kangundo, bado yapo magari yaliyoundwa kabla madereva wengi wa matatu hawajazaliwa: Peugeot 504, Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mercedes zilizowahi kuwa za wakubwa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini yaliyokwisha kuingia hayakufukuzwa. Mafundi wa jua kali wanayafanyia injini, breki na bodi kwa ustadi unaostahili heshima. Kiyoyozi ndicho kinachoharibiwa katika kutengenezwa. Mwenye gari huambiwa gesi imeisha, anaongezewa, anapata baridi majuma machache, kisha hewa ya moto inarudi na pesa zake zimekwenda.

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Haiungui kama petroli wala haichakai kama oili ya injini. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama mabomba ni mazima, gramu zile zile zinaweza kufanya kazi miaka na miaka. Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huikandamiza hadi ipate moto na shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, ikamwaga joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupenyezwa kwenye tundu dogo la vali, na ng'ambo ya tundu hilo shinikizo limeshuka ghafla, kwa hiyo kinachemka. Kuchemka kunahitaji joto, nalo hutolewa kwenye hewa inayopulizwa ndani ya gari. Spiriti anayokupaka muuguzi kabla ya sindano hupoza ngozi kwa njia hiyo hiyo. Hewa inapopozwa hivyo hutoa pia unyevu wake, na ndiyo maana kiyoyozi kina kazi hata mwezi wa Julai, pale kioo cha mbele kinapofuka ukungu na huoni gari lililo mbele yako.

Kumbe baridi ya Julai ndiyo huleta tundu linalovujisha gesi. Wengi huzima kiyoyozi kuanzia Juni hadi Septemba. Oili inayolainisha mfumo husafiri pamoja na gesi. Kiyoyozi kisipowashwa haisafiri, na sili ya shafti ya kompresa pamoja na zile oringi za kwenye viungo vya mabomba hukauka na kupasuka. Dakika kumi kila wiki, hata asubuhi yenye manyunyu, zingeokoa kompresa nyingi.

Magari ya kabla ya mwaka 1992 hivi yalitoka kiwandani na gesi inayoitwa R12. Kwa kupoza haikuwa na kasoro: huchemka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, haiwaki moto, haina sumu kali. Lakini ina klorini, na ikitoroka hukaa angani miaka 100 hivi. Ikifika juu kabisa, mionzi ya jua huivunja, na chembe moja ya klorini huangamiza maelfu ya molekuli za ozoni, ile ngao inayotukinga na mionzi ya urujuanimno iletayo kansa ya ngozi na mtoto wa jicho. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuhusu hatari hiyo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika inatoboka kila mwaka. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni. Jina ni la mji wa Kanada, lakini shirika lililouongoza, UNEP, lina makao yake Gigiri, jijini humu humu, na aliyeyasukuma mazungumzo yale alikuwa mkurugenzi wake, Mmisri Mostafa Tolba. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 kufikia 1996, na nchi kama Kenya zikafikia ukomo wake mwaka 2010.

Kwa hiyo mtungi wa bei nafuu ulioandikwa R12 leo ni wa kutiliwa shaka. Mwaka 2011 makontena ya meli yanayobeba vyakula vya baridi yalilipuka na kuua mafundi, baada ya kujazwa gesi bandia yenye kloridi ya methili. Kemikali hiyo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Kompresa nyingi za magari yetu ni za alumini.

Utajuaje gari lako lina nini? Fungua boneti utafute kibandiko. Kama kimeng'oka, tazama midomo ya kujazia. Ya R12 ina nyuzi za skrubu kwa nje, na ndani mna vali ya aina ile ya tairi. Ya R134a, gesi iliyofuata, haina nyuzi kwa nje. Ni laini, ina mfuo wa kunasia kiungo cha geji, na mmoja ni mnene kuliko mwenzake ili fundi asikosee upande wa shinikizo kubwa. Ukikuta kiungio kipya kimekazwa juu ya mdomo wa zamani, gari lilishabadilishwa, na hapo inafaa kuuliza lilibadilishwa vipi.

Maana kubadilisha si kumimina R134a juu ya masalia ya R12. Zikichanganyika, shinikizo hupanda na mchanganyiko hauwezi kusafishwa ukatumika tena. Tena R134a haiyeyuki katika oili ya madini iliyokuwa ikitumika zamani; oili hiyo hubaki imelala ndani ya mfumo huku kompresa ikisagika bila kilainishi. Kazi ya haki huanza kwa kunasa gesi ya zamani ndani ya mtungi, kumwaga oili na kuweka ya esta, kubadilisha oringi na kile kichungi cha kukausha unyevu, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kujaza R134a kwa mizani, asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa. Narudia, kwa mizani. Gari likiwa limezimwa, geji huonyesha shinikizo linalotegemea joto la siku hiyo, na mradi kimebaki kimiminika kidogo, gramu 200 na gramu 700 husomeka sawa.

Kwenye hiyo pampu kuna jambo ambalo vitabu vingi havimwambii fundi wa Nairobi. Vimeandikwa kwa usawa wa bahari, vinasema uvute hadi mshale wa geji ufike inchi 29 za zebaki. Umoja iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na hata ukiondoa chembe ya mwisho, mshale utaishia 24 na nusu hivi. Mafundi wametupa pampu nzima kwa kudhani zimekufa. Wengine hukatiza kazi mapema, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa unyevu uliobaki huganda kwenye tundu la vali na kutengeneza asidi inayokula chuma. Vuta nusu saa angalau, funga, kisha uuangalie mshale. Ukirudi nyuma, tundu lipo, na hakuna haja ya kufungua mtungi wa gesi.

Wapo wanaojaza gesi ya kupikia. Hupoza kweli, propani iliyomo ni gesi nzuri ya baridi, na friji nyingi mpya za nyumbani hutumia ndugu yake, isobutani, kwa kiasi kidogo ndani ya mfumo uliobuniwa kwa ajili hiyo. Kwenye gari, koili ya baridi imekaa chini ya dashibodi, hatua moja kutoka miguu ya abiria. Gesi hiyo huanza kuwaka ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, na kwa gari dogo la kawaida hapa Nairobi, gramu 100 zilizovuja zinatosha. Hili nalipinga bila masharti.

R134a yenyewe sasa inazeeka. Haigusi ozoni, lakini kilo moja hupasha dunia joto kama takriban kilo 1,400 za kaboni dioksidi. Ya R12 hupita 10,000. Alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kuipunguza pamoja na jamii yake, na kwa kundi la Kenya kikomo cha matumizi kilianza 2024. Ulaya haijazi tena R134a kwenye magari mapya tangu 2017.

Tatizo la Umoja si ujinga wa mafundi. Mashine ya kunasa gesi ni ghali kuliko vifaa vingine vyote vya gereji ya kando ya barabara, kwa hiyo gesi hufunguliwa ikaenda angani. Mwaka 1990, nchi zilizotia saini Mkataba wa Montreal ziliunda mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kwa mafunzo na vifaa vya namna hii. Wizara ya Mazingira na Kaunti ya Nairobi zitumie mlango huo: ziweke mashine moja mahali ambapo mafundi wa Umoja, Kayole na Donholm wanaweza kuikodi kwa saa, pamoja na mtu wa kuwafundisha.