Tinti Haitaokoa Picha Zako

Swali ni lilelile, hubadilishwa maneno tu: tuweke tinti ya asilimia ngapi? Anayeuliza anataka kufungua nyumba ndogo ya sanaa Tabora, pengine njiani kuelekea Kwihara, ili wageni wanaokwenda kuliona tembe alimokaa Livingstone wasimame wanunue picha. Keshaamua ukuta wa mbele uwe vioo vitupu kwenye fremu za alumini, na paa liwe na mabati mawili matatu ya plastiki ya kupitisha mwanga, kwa imani kwamba mwanga ukiwa mwingi ndipo picha huonekana. Tinti ni dawa anayoitafuta kwa ugonjwa aliojichorea mwenyewe kwenye ramani. Hakuna asilimia inayofaa.

Tuhesabu. Jua kali la mchana hufikisha laksi 100,000 hivi, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia uso wa kitu. Makumbusho mengi duniani huangaza picha za rangi ya mafuta kwa laksi 200, na batiki, nguo na michoro ya karatasi kwa laksi 50. Tinti nzito inayopitisha asilimia 35 tu inakuachia laksi 35,000. Doa la jua hilo lililokwisha kuchujwa likitua juu ya picha kwa dakika 20, limeimwagia mwanga ambao ukumbi wenye laksi 200, unaofunguliwa saa nane kwa siku, ungetumia zaidi ya siku saba kuutoa. Kwa batiki ni karibu mwezi. Deni hilo halifutiki usiku. Hujumlika mwaka hadi mwaka, na rangi iliyopauka haina fundi wa kuirudisha. Muuzaji atakuambia filamu yake inazuia asilimia 99 ya mionzi ya urujuanimno. Huenda ni kweli, na haitoshi, kwa sababu mwanga huuhuu tunaouona nao hupausha rangi. Tena tinti haijui majira. Ile nzito kiasi cha kupunguza makali ya jua la Agosti itakifanya chumba kiwe kiza siku ya mawingu ya Januari, nawe utawasha taa mchana. Ya bluu hudhoofisha wekundu, ya shaba huzifanya nyeupe zote zionekane zimechakaa. Mchoraji ameshinda wiki nzima akitafuta rangi moja, wewe unamvisha mtazamaji miwani ya jua.

Halafu kuna mng'ao, ambao wauza vioo hawautaji kabisa. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za enameli, zile za kupaka baiskeli, juu ya hadibodi, na wengi waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1972 wameendelea na enameli. Uso wa enameli hung'aa. Ukiutazamisha na ukuta wa vioo, mgeni ataona barabara, bodaboda na sura yake mwenyewe, na chui wa kwenye picha atabaki kumkisia.

Hoja inayoletwa kuutetea ukuta huo ni kwamba vioo vikielekea kaskazini mambo yatakuwa salama, maana ndivyo vitabu vinavyosema. Vitabu hivyo viliandikwa Ulaya, ambako adhuhuri jua huwa kusini mwaka mzima. Tabora ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta: kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri lipo upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki lipo kusini. Na adhuhuri yenyewe huchelewa. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, ilhali Tabora ipo karibu na ya 33, kwa hiyo jua hufika kileleni kwa wastani dakika 49 baada ya saa sita. Ukuta wa magharibi, basi, hupigwa mpaka jioni, saa ambazo ungependa wageni waje.

Cha kusikitisha ni kwamba jibu limesimama Kwihara penyewe. Livingstone alikaa huko mwaka 1872 hadi Agosti akingoja wapagazi na vifaa, na Stanley alikuwa amekaa huko kabla yake. Matembe ya njia ile ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji yalikuwa na kuta nene za udongo, paa bapa, baraza lenye kina na ua wa ndani. Jua linaishia uani na ukingoni mwa baraza. Kinachoingia chumbani ni mwanga uliokwisha kugonga ardhi, nguzo na ukuta, ukapoteza makali kila ulipogonga. Huko ndiko kujenga kwa mwanga: unaupa njia na kituo kabla haujaifikia picha. Chokaa mpya hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, tena bila kuubadili rangi. Udongo mwekundu hurudisha sehemu ndogo, nayo ikiwa na wekundu wake. Kwa hiyo unene wa ukuta, rangi ya ua na upana wa upenu ni vifaa vya taa kama ilivyo balbu.

Litasemwa kwamba tembe ni kiza. Yaliyojengwa kwa kulala na kuhifadhi pembe za ndovu yalikuwa kiza kweli, na hakuna anayekuagiza uyanakili. Lakini jicho hupima kwa kulinganisha. Laksi 150 kwenye ukuta mweupe ni mwanga wa kutosha kabisa, mradi pembeni pasiwe na kioo kinachowaka kwa maelfu. Litasemwa pia kwamba majumba maarufu yana mwanga wa paa. Yanao. Kwenye jumba la sanaa la Kimbell la msanifu Louis Kahn, lililofunguliwa Fort Worth, Marekani, mwaka 1972, mwanga huingia kwa ufa mwembamba kileleni mwa kuba, lakini chini ya ufa kuna mabawa ya alumini yanayourudisha juu kwenye zege, ndipo ushuke. Anayenakili ufa akayaacha mabawa amenunua bati la plastiki kwa bei ya juu.

Kama bado hujamwaga msingi: refusha jengo mashariki hadi magharibi, magharibi pasiwe na tundu. Dirisha la urefu wa mita 1.2 lililo moja kwa moja chini ya upenu linahitaji kivuli cha sentimita 65 kulikinga na jua la adhuhuri ya Juni upande wa kaskazini, na 40 kwa Desemba upande wa kusini. Asubuhi na alasiri jua huingia chini zaidi, kwa hiyo jenga baraza la mita mbili uache kubishana. Weka madirisha juu, kingo zake za ndani zipanuke kuelekea chumbani na zipakwe chokaa. Picha za enameli zikae ukuta uleule wenye dirisha au ule wa pembeni, kamwe si unaotazamana nalo. Batiki na karatasi zipe chumba cha ndani kisicho na dirisha na taa za LED zenye kiwango cha uhalisia wa rangi cha 90 kwenda juu, zimulike kwa nyuzi 30 kutoka wima. Umeme ukikatika, funga chumba hicho, fungua baraza. Kama jengo limeshasimama na vioo vyake, jenga ukuta mweupe mita moja na nusu nyuma ya vioo, upande wa nje uweke vinyago na vyungu, upande wa ndani picha. Bati la plastiki ling'olewe kabla msumari wa kwanza wa picha haujapigwa, au lifungiwe chini yake dari ya mbao zilizopakwa nyeupe, zilizolazwa kiasi kwamba ukisimama popote chumbani usilione.